Nilivyobadilisha betri za taa zangu kuukuu za baiskeli

Taa ya mbele ilifika mahali unaichaji usiku kucha, halafu hata safari fupi haimalizi. Ya nyuma nayo kifuniko kilianza kuachia chenyewe. Watu waliniambia nitupe ninunue mpya, lakini balbu za LED hazichoki upesi hivyo. Kinachokufa mapema ni betri.

Ya mbele haikunisumbua. Ndani mna betri ya lithiamu ya duara, aina ya 18650, na namba hiyo ndiyo vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ni ya volti 3.7, ikijaa hufika 4.2. Dukani zipo zilizoandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), hizo nilizipita. Betri nzuri ya saizi hii huwa na kama 3,500, kwa hiyo anayekuandikia karibu mara tatu yake anakuuzia stika. Nilichagua yenye vibati vilivyokwisha kubandikwa kwenye ncha, ili nilehemu nyaya kwenye kibati. Joto la pasi ya kulehemu likiingia kwenye betri yenyewe, huiharibu.

Ya nyuma ndiyo iliyotaka utulivu. Kipakiti chake bapa cha betri kilikuwa kimevimba kama andazi. Kitu cha namna hiyo hakitobolewi wala hakikunjwi, kinaweza kushika moto. Nilikibandua polepole kwa kipande cha plastiki; bisibisi niliiweka mbali. Ubavuni kiliandikwa 502030, yaani unene milimita 5, upana 20, urefu 30, basi nikatafuta cha namba hiyohiyo, chenye kile kibao kidogo cha sakiti ya ulinzi chini ya tepu ya njano. Bila hicho, betri inaweza kuisha kupita kiasi na isifae tena.

Kukata nyaya kuna utaratibu wake. Unakata mmoja, unaufunga tepu, ndipo unakata wa pili. Ukibana zote mbili kwa koleo kwa mpigo mmoja, chuma cha koleo kinaunganisha chanya na hasi, na cheche utaziona. Halafu usiamini rangi wala plagi: kabla ya kuunganisha nilipima kwa mita ya kupimia volti, kwa sababu watengenezaji hawapangi chanya na hasi upande mmoja.

Ninayo taa nyingine ya zamani zaidi, yenye betri za nikeli za volti 1.2. Hiyo niliiwekea nikeli tena. Chaja yake haikutengenezwa kwa lithiamu, na hapo sina mjadala.

Kabla ya kufunga nilifuta mpira wa kuzuia maji, maana chembe moja ya mchanga inatosha kupitisha mvua. Chaji ya kwanza niliifanyia juu ya sakafu ya vigae, nami nikiwa chumbani humo. Zote zinawaka vizuri. Betri kuukuu nilizifunga tepu kwenye ncha, nikazipeleka zinakopokelewa taka za elektroniki.