Arobaini na Wanne, na Wawili

Somo: Luka 13:1-5, Warumi 12:15

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ilipaa kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Diani. Ilibeba watu 44: abiria 39 na wahudumu 5 pamoja na marubani. Haikufika mbali, kikasikika kishindo kikubwa. Marubani wakageuza, wakarudi Wilson, wakatua salama. Walikuwa wamegongana angani na Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo. Hiyo ilianguka ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mkufunzi na mwanafunzi wake wote wawili wakafariki.

Habari iliponifikia nilisema, "Ashukuriwe Mungu, abiria wote wazima." Shukrani hiyo ilikuwa ya kweli, na siifuti. Ila baadaye nilijisikia vibaya, maana nilikuwa nimehesabu 44 nikaamini nimemaliza kuhesabu.

Tunafanya hivyo hata kanisani. Mtu anasimama kwenye ushuhuda, anashika maikrofoni, anasimulia jinsi alivyochelewa matatu ambayo mbele ya safari ilipinduka. Mungu ni mwema! Kila wakati! Vigelegele. Na kwenye benchi la nyuma huenda ameketi mama ambaye mwanawe hakuchelewa. Naye anapiga makofi pamoja nasi, kwa adabu. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanawe hakupendwa na Mungu, lakini ushuhuda ukisimuliwa vibaya humfikishia ujumbe huo huo.

Yesu aliletewa habari za namna hii, za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akataja tukio jingine. Watu 18 walikuwa wameangukiwa na mnara kule Siloamu, wakafa. Akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe: sivyo. Hakueleza kwa nini mnara ule, kwa nini siku ile. Aliwageukia walio hai, akawaambia watubu. Nakiri kifungu hiki hakinipi jibu nililokuwa nalitafuta. Lakini kinanifunga mdomo nisiseme kwamba aliyepona aliomba vizuri zaidi.

Kuna jambo moja la Cessna hizi ambalo haliniondoki akilini. Ndege ya mafunzo ina sukani mbili. Mwanafunzi hukaa kushoto, mkufunzi kulia, bega kwa bega, maana chumba chenyewe ni kidogo. Siku inafika mkufunzi anamwachia mwanafunzi arushe, naye anaweka mikono magotini. Anaachia usukani, lakini hashuki. Mwalimu wa hesabu mwanafunzi akikosea, yeye hubaki salama na chaki yake. Mkufunzi wa urubani hufundisha akiwa ndani ya hatari ile ile.

Sitaki kukifanya kifo cha mtu kuwa kielelezo cha mahubiri. Familia yake haikumtoa kwa kazi hiyo. Nasema tu kwamba tangu siku ile naisoma Zaburi ya 23 kwa kusitasita kidogo pale panaposema, "Wewe upo pamoja nami." Daudi anayasema hayo akiwa bado bondeni.

Warumi 12:15 inatuagiza tufurahi na wafurahio, tulie na waliao. Nilizoea kuyaona hayo kuwa ya siku mbili tofauti, harusi Jumamosi na matanga Jumatano. Asubuhi ile pale Wilson yalikuja pamoja: wengine wakipiga simu nyumbani kusema wako salama, na nyumba mbili zikipokea simu nyingine.

Kwa hiyo wiki hii, tunapoombea wasafiri, tuzitaje pia nyumba zile mbili. Na ninyi mnaokaa Lang'ata, mkisikia mlio wa ndege ndogo asubuhi, waombeeni walio ndani: mmoja anajifunza, mwenzake ameketi kando yake.