Sauti ya mdogo wangu ilikuwa inaishia kwenye ruta

Mdogo wangu yuko Muscat, mwaka wa tatu sasa. Mimi nimebaki Tanga. Alhamisi usiku, kwao wikendi inapoanza, ndiyo siku yetu ya kucheza mpira kwenye mashine ya michezo ya PS4 (PlayStation 4), na katikati ya mechi ndipo ananiambia mambo ambayo kwenye simu hayasemi. Kwa hiyo ilipofika mahali kila nikimwalika mwaliko unazunguka tu, au tunaingia kwenye mazungumzo naishia kusoma ujumbe wake, "Kaka, sikusikii," iliniuma kuliko kufungwa.

Nilidhani ni kasi. Nikapandisha kifurushi cha faiba kutoka Mbps 10 hadi 20, pesa ikaenda, hali ikabaki ileile. Na nikicheza na watu nisiowajua, mchezo unatiririka vizuri. Hiyo ndiyo dalili niliyotakiwa kuiangalia mapema: mechi zinazopita kwenye seva za mchezo zilikuwa sawa, shida ilikuja pale PS4 mbili zinapotakiwa kushikana moja kwa moja.

Ukipima intaneti kwenye mipangilio ya mtandao ya PS4, majibu yanataja na aina ya NAT, ule utaratibu wa vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje. Yangu ilisoma 3. Aina ya 1 maana yake mashine imeungwa na intaneti bila ruta katikati. Aina ya 2 iko nyuma ya ruta lakini inafikika. Aina ya 3 iko nyuma ya ruta na wanaobisha hodi kutoka nje hawafunguliwi. Nyumba nzima hutumia anwani moja ya nje, kwa hiyo kitu kikija bila kuitwa na mtu wa ndani, ruta haijui ikipeleke kwa nani, inakitupa.

Nikaingia kwenye ruta yangu, niliyoinunua ili mtandao ufike chumbani, nikaelekeza poti za PlayStation, yaani milango yenye namba ambayo data hupitia, kwenda kwenye PS4: TCP 3478 hadi 3480, UDP 3478 na 3479 (TCP na UDP ni njia mbili za kusafirisha data). Nikapima. Bado 3. Nikafuta, nikaandika upya, nikaizima na kuiwasha. Bado 3. Siku mbili nzima.

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa hali ya ruta, kwenye mstari wa WAN, ambapo huandikwa anwani ambayo ruta imepewa kutoka nje. Palisomeka 192.168.1.5. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba, intaneti haizijui. Maana yake ruta yangu ilikuwa imekaa nyuma ya ruta nyingine! Kile kisanduku cha faiba alichokifunga fundi sebuleni nacho ni ruta kamili. Nilikuwa nafungua mlango wa chumbani wakati mlango wa mbele umekomewa.

Basi ruta ya chumbani nikaivua cheo. Nikaipa anwani ya 192.168.1.2 isigongane na kisanduku chenye 192.168.1.1, nikazima DHCP yake ili kazi ya kugawa anwani ibaki kwa mmoja, kisha nikachomoa waya kwenye tundu la WAN nikauchomeka kwenye tundu la kawaida la LAN, la vifaa vya ndani. Ikawa inasambaza Wi-Fi tu. UPnP, ambayo huruhusu mashine ijifungulie poti yenyewe, haikuonekana kwenye ukurasa wa mteja wa kile kisanduku, kwa hiyo poti nikazielekeza kwa mkono, safari hii sebuleni. Nikapima: 2. Alhamisi ile tulicheza mpaka saa saba usiku.

Wiki iliyofuata umeme ukakatika, ukarudi, na 3 ikarudi nayo. Nilishtuka, lakini sasa nilijua pa kutazama. Kwenye orodha ya vifaa, 192.168.1.7 niliyoielekezea poti ilikuwa imechukuliwa na simu ya dada, PS4 imepewa 192.168.1.9. Nikanakili anwani ya MAC ya PS4, utambulisho wake wa kiwandani, nikaifungia anwani yake ya kudumu kwenye DHCP. Umeme umeshakatika mara nyingi tangu hapo, na 2 haijatikisika.

Ukikuta WAN ya ruta yako ya kwanza, ile inayopokea laini ya kampuni, inaanza na 100.64 hadi 100.127, kama nilivyoikuta kwa jirani anayetumia laini ya simu, usijichoshe na poti. Hapo kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ni wao wa kuombwa anwani ya umma.

Juzi Alhamisi mdogo wangu alipoingia, kabla hajasema neno nilisikia feni ya chumbani kwake ikizunguka. Nikamwambia. Akacheka, akasema, "Na mimi nasikia majogoo ya mama mkubwa, kaka. Anzisha mechi."