Pinot Noir ya Nchi Tatu kwenye Joto la Nungwi

Kwa miaka sita nimekuwa nikihudumia mvinyo katika hoteli moja ya Nungwi, na swali ambalo wahudumu wapya huniuliza kila msimu ni hili: ikiwa zabibu ni ile ile, kwa nini mvinyo wa nchi moja usilingane ladha na wa nchi nyingine? Nimelijibu kwa maneno mara nyingi, lakini ladha haielezeki kwa mtu ambaye hajaionja. Juma lililopita, wageni walipokwisha kwenda kulala, niliweka mezani chupa tatu za mvinyo mwekundu wa zabibu aina ya Pinot Noir, zote za mwaka 2021. Ya kwanza ilitoka Savigny-lès-Beaune, katika jimbo la Burgundy nchini Ufaransa; ya pili, bonde la Hemel-en-Aarde nchini Afrika Kusini; na ya tatu, Central Otago, kwenye kisiwa cha kusini cha New Zealand.

Pinot Noir ina ganda jembamba, na kwa kuwa rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda, mvinyo wake huwa mwepesi kwa macho na kwa ulimi. Mimi ni mzaliwa wa Hombolo, Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na jua halina huruma, na nimelelewa nikijua kwamba mvinyo mwekundu ni ule unaotia doa kitambaa lisitoke. Pinot Noir huhitaji nchi ya baridi. Ikipata joto jingi hukomaa haraka, ikapoteza ukali wake na harufu yake nzuri.

Kosa la kwanza nililifanya kwa makusudi, ili wenzangu walione. Tulionja chupa zote tatu zikiwa na joto la ukumbi, na kipimajoto cha jikoni kilionyesha nyuzi 29, kwani tulikuwa katikati ya kaskazi. Hatukuweza kuzitofautisha. Kilevi kilitangulia puani, utamu ukawa mzito, na ule ukali kama wa ndimu unaoupa mvinyo uhai ulikuwa umefunikwa. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitolewa na watu wa Ulaya ambao vyumba vyao vya mawe havikuzidi sana nyuzi 17 au 18, wala haukukusudiwa kwa banda la makuti la Nungwi. Tulizitia chupa kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji, kwa sababu barafu peke yake huacha nafasi za hewa na haipoozi upesi, na tukazitoa zilipofika nyuzi 14. Hapo ndipo kila chupa ilipojitambulisha.

Ile ya Burgundy ilituchukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Mwaka 2021 ulikuwa mgumu huko: baridi kali ya mwezi wa Aprili iliunguza machipukizi, mavuno yakawa machache, na mvinyo wake mwingi ukawa mwembamba. Niliuona wembamba huo waziwazi, kwani niliweza kusoma maandishi ya menyu kupitia glasi. Kwanza lilikuja tunda jekundu lisiloiva sana, kisha ukali safi unaoteka mate, kisha harufu kavu, ya miti, ambayo nilikuwa nimeisikia mahali lakini sikuweza kuitaja.

Aliyenisaidia kuitaja hanywi mvinyo. Ni mpishi wetu mkuu, Mpemba wa Wete, ambaye sote twamwita Ami kwa heshima. Siku chache kabla nilimweleza harufu hiyo, iliyonisumbua katika chupa nyingine za jimbo hilo, akaniletea kutoka shambani kwao vifurushi viwili vya karatasi, kimoja cha karafuu na kingine cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. "Karafuu ina utamu ndani ya ukali," aliniambia, "makonyo ni makavu tu." Usiku ule niliviweka katika visahani viwili kando ya glasi, nikanusa huku, nikanusa kule. Katika chupa ya Burgundy yalikuwa makonyo, bila shaka yoyote. Nami nikakumbuka kwamba baadhi ya watengenezaji wa Burgundy huchachusha vichala vizima pamoja na vikonyo vyake, na kwamba ndivyo vinavyoacha ukavu huo wa mti. Katika chupa ya Otago nilikuta karafuu yenyewe. Hiyo hutoka kwenye pipa: mbao za mwaloni zikichomwa kwa ndani huupa mvinyo eujeno, kemikali ile ile iliyojaa katika mafuta ya karafuu. Sijui mahali pengine ambapo mtu angeweza kuupata mtihani huu kwa urahisi kama hapa kwetu.

Central Otago iko karibu na nyuzi 45 kusini mwa ikweta, bara, mbali na bahari, ambako mchana jua ni kali na usiku baridi hushuka ghafla. Mvinyo wake ulikuwa na rangi iliyokoza zaidi na tunda lililoiva kama zambarau nyeusi. Wahudumu wote waliupenda upesi, na nauona kuwa mzuri, ingawa hausemi mengi baada ya funda la tatu.

Jina Hemel-en-Aarde kwa Kiafrikana maana yake ni Mbingu na Nchi. Bonde hilo liko karibu na mji wa Hermanus, na Tim Hamilton Russell, mmoja wa waanzilishi wa kilimo cha mizabibu bondeni humo, alinunua ardhi huko mwaka 1975 akitafuta mahali palipopozwa na upepo wa bahari. Chupa ya bonde hilo ilikaa kati ya zile mbili nyingine, ikiwa na tunda lililoiva pamoja na ukali wa kutosha, na niliionja na kipande cha jodari wa kuchoma. Hii ndiyo nitakayowapendekezea wageni wanaokula samaki.

Masalio ya chupa hizo niliyafunga vizibo nikayaweka kwenye friji. Kesho yake alasiri ya Otago ilikuwa imefifia, ya Hemel-en-Aarde haikubadilika sana, na ile ya Burgundy, niliyodhani jana yake kwamba ni nyembamba kupita kiasi, ilikuwa imefunguka harufu ya waridi ambayo hapo awali haikuwepo kabisa. Nimeagiza chupa sita zaidi, na nimeomba zisafirishwe kwa gari la baridi kutoka bandarini, kwa kuwa shehena ya mwaka jana ya msambazaji mmoja ilinifikia vizibo vikiwa vimesukumwa juu na mvinyo una ladha ya jamu.