Kabla ya mkataba: ninavyoingia kwenye SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) inayotaka mabadiliko

Mimi ni mshauri wa mabadiliko kazini, na simu ya kwanza huwa ya meneja: "Mtaalamu, njoo utufanyie mafunzo, wafanyakazi wamelala." Simkubalii papo hapo. Namuuliza nani mwingine analiona tatizo hilo, wameshajaribu nini, na malipo yangu yataidhinishwa na nani. Jibu la swali la mwisho ndilo linaloniambia mteja ni nani. Meneja ameajiriwa na bodi, na bodi inawajibika kwa mkutano mkuu; nikiingia kwa mlango wa meneja peke yake, siku mapendekezo yakiigusa bodi ripoti inalala kabatini.

Kwa hiyo nakaa na meneja saa moja, halafu na mwenyekiti pamoja na mjumbe wa kamati ya usimamizi, ambayo washauri wengi huiruka ilhali ndiyo inayopitia vitabu.

Kisha naomba siku mbili za kuchungulia tu, bila malipo. Naifuata fomu moja ya mkopo tangu inapopokelewa dirishani hadi hela zinapotoka, nikiandika imepita meza ipi na imelala hapo siku ngapi. Fomu iliyolala siku tisa ikingoja sahihi ya mjumbe anayefika ofisini Alhamisi pekee haiponywi na semina.

Hapo ndipo naandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na masharti yake; kurasa mbili zinatosha: tatizo kwa maneno yao wenyewe, mipaka ya kazi, siku 12 za uchunguzi, na notisi ya siku 14 kwa anayetaka kujitoa. Malipo nagawa 30, 40 na 30 kwa mia, na naandika wazi kama bei ni kabla au baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo mlipaji huikata kwenye malipo yangu. Ukiliacha hilo, mtagombana kwenye malipo ya kwanza.

Kipengele kinachonichukua muda mrefu ni cha siri. Ofisi ya watu 11 yenye maafisa mikopo wawili, ukiandika "maafisa mikopo wanalalamika" umeshawataja. Sheria yangu: kundi lenye watu chini ya watano haliripotiwi peke yake, na daftari la mahojiano haoni mtu, hata anayelipa. Meneja akisema "niletee kwanza mimi majibu yao niyapitie", naurudisha mkataba bila kusaini.

Yakishakubalika, mwenyekiti mwenyewe ananitambulisha kwa wafanyakazi na kuwasomea kipengele hicho kwa sauti. Dakika kumi tu, kisha naanza mahojiano na keshia.