Kazi Ambayo Hakuna Anayeidai

Shemeji yangu, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza juzi swali ambalo nimeshaulizwa na wengi: kwa pesa zote ulizotia kwenye hiyo Peugeot, si ungekuwa na Toyota Probox nzuri inayotembea? Ningekuwa nayo. Hesabu hiyo naijua, maana uhasibu ndio unaonilisha. Lakini jibu kamili sikumpa pale mezani, na tangu siku ile limekuwa likinizunguka kichwani. Acha niliandike.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ndefu ya viti safu tatu. Watu wa rika la wazazi wangu hawahitaji kuelezwa Pijo ni nini. Kabla ya nissan za abiria kujaa barabarani, ndizo zilizokuwa zikitupandisha Mau Summit kuelekea Kisumu, Kakamega na Busia, mizigo imefungwa juu, abiria wamebanana mpaka nyuma kabisa. Modeli hii ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na nyingi tulizozijua sisi ziliunganishwa humu humu nchini Kenya. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiwa na 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Langu halijawahi kuona mashindano yoyote. Nililikuta Molo nyuma ya ghala la viazi, matairi yamekwisha upepo, nyasi zimefika kwenye vishikio vya milango. Nililipa pesa isiyofikia bei ya bodaboda mpya, likaletwa Nakuru juu ya lori.

Wapenzi wa magari ya kale wana jibu moja ambalo hupenda kulitoa, na ni la kweli. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Maana yake, 504 zilizopo ndizo hizo hizo. Moja ikikatwa na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, imepungua, na hakuna meli itakayoleta nyingine Mombasa. Nikiona bodi nzima imelala kwenye uwanja wa vyuma, roho huniuma. Lakini nikijichunguza vizuri, hilo silo linalonitoa nyumbani kila Jumamosi mchana kwenda gereji kule mtaa wa Shabab, hapa Nakuru.

Linalonitoa ni hili. Kazi zangu nyingine zote zina mtu anayezingoja. Hesabu za mwisho wa mwezi zinangojwa na bosi, ritani za kodi za wateja zinangojwa na KRA, mamlaka ya mapato, karo inangojwa na shule. Kila kitu nakifanya mpaka kifike pale panapotosha, halafu narukia kinachofuata, kwa sababu na hicho tayari kimechelewa. Sisemi kwa uchungu, ndiyo maisha ya mtu mzima mwenye familia. Ila mtu akiishi hivyo miaka na miaka, anaweza kusahau kwamba kitu kinaweza kufanywa mpaka kiwe sawasawa. Hili gari hakuna anayelidai.

Nitoe mfano mmoja. Injini ya langu ni ya sisi (cc) 1,971, na slivu zake, ile mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka, maji ya radieta yanazizunguka moja kwa moja. Zikilika, hupeleki bloku kuchongwa. Unachomoa za zamani na kuingiza mpya pamoja na pistoni zake. Kuna sharti moja tu: kila slivu isimame juu kidogo ya uso wa bloku, sehemu ndogo sana ya milimita, ili hedi, kile kipande cha juu cha injini, ikikazwa iibane gasketi kila mahali. Slivu ikizama, siku moja utafungua kifuniko cha oili ukute maji yameingia.

Mzee, fundi wangu, aliyajua magari haya tangu yalipokuwa ya abiria. Alilaza rula ya chuma juu ya bloku, akawa anapitisha chini yake vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo, kimoja baada ya kingine, huku ameshikilia tochi kwa meno. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Kwenye ya tatu akarudia kupima, akabadilisha kibamba, akarudia tena. Kisha akaitoa tochi mdomoni.

"Ingekuwa ya matatu tungefunga jioni hii," akasema. "Hii ya kwako, kijana wangu, tunaitoa."

Tukaitoa. Chini ya sili kulikuwa na ukoko mgumu wa kutu ambao ulikuwa umepita macho yetu wote wawili. Tuliukwangua polepole mpaka chuma kikaonekana, tukaipanga slivu upya, tukapima tena. Ilichukua mchana wote, na simkumbuki Mzee akiwa mchangamfu kuliko siku ile. Nadhani hata yeye alikuwa na njaa ya kazi ya namna hiyo. Wateja wake wa kila siku wanasimama karibu na boneti wakiangalia saa, kwa sababu gari likilala gereji, nyumbani hakuna mapato. Hawana kosa. Lakini fundi wa kiwango chake anastahili, walau mara moja kwa wiki, kuifanya kazi kama mikono yake inavyoijua. Sehemu kubwa ya pesa zangu imeenda huko: kwake, kwa paneli bita anayenyoosha bodi, kwa welda aliyeshona sakafu upya kipande kwa kipande ili bati lisipinde kwa joto, kwa fundi wa viti. Siwezi kuita pesa hizo zilizopotea.

Pale gereji kuna kijana mwenye Toyota Corolla DX, ile modeli ya KE70. Ameng'oa injini ndogo ya 4K ya sisi 1,290 iliyotoka nayo kiwandani, akaweka injini ya 4A-GE ya valvu 16, yenye nguvu zaidi. Wengi humdhania anatafuta mwendo na kelele. Mwendo anaupenda, ndiyo, lakini mwangalie akipanga nyaya. Nimemwona akizifungua zote nyuma ya dashibodi na kuzifunga upya kwa tepu, kila waya kwenye njia yake, mahali ambapo akisharudisha dashibodi hapaonekani tena na mtu yeyote. Mimi na yeye hatukubaliani hata kidogo kuhusu magari, lakini ugonjwa wetu ni mmoja.

Kuhusu pesa nina msimamo, na nausema wazi. Gari la namna hii halikopewi sacco. Linajengwa na kinachobaki baada ya karo, kodi ya nyumba na mchango wa chama. Kisipobaki kitu, gari linangoja. Nimewasikia waliouza ploti ili wamalize gari, na siwaungi mkono. Kitu kikianza kuwanyima watoto, kimeshapata mdai, na ile raha yake imekwisha. Mke wangu hajawahi kulalamikia shilingi. Alilalamikia Jumamosi, na alikuwa na haki. Sasa asubuhi ni ya nyumbani na ya ile ploti ya Kiamunyi, mchana ndio wa gereji. Binti yetu mkubwa akipenda huja kupiga msasa milango, na mkono wake ni mtulivu kuliko wangu.

Rangi bado. Vumbi la Nakuru la Januari na Februari silo la kupigia rangi, hata umwagie maji sakafu yote. Tutangoja mvua zije zilaze vumbi, kisha zipungue, tupige alfajiri kabla upepo haujaamka.

Kinachotukwamisha sasa ni kioo cha ubavuni cha nyuma kabisa, upande wa kushoto. Nairobi, pale Grogan kwenye maduka ya vipuri, walinipa cha ile fupi yenye buti, na hakiingii. Najua Pijo ndefu nyingi ziliishia magharibi, kwa hiyo nawauliza ndugu wa Butere, Mumias, Bumala, mpaka Busia: kama kuna moja imelala nyuma ya nyumba ya mzee fulani na kioo hicho kizima, niandikie. Nitakuja mwenyewe na pesa taslimu, na nitakitoa taratibu bila kuukata mpira wake, kwa sababu huo nao nauhitaji.