Usemi Wako Wakutambulisha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Mathayo 26:69-75. Kila Kwaresima tunalisoma, na kila mara macho yetu yanakwenda kwa Petro, aliyemkana Yesu mara tatu. Leo naomba tuwatazame wale waliokuwa naye pale uani kwa Kuhani Mkuu, kwa sababu mimi nimejiona miongoni mwao.

Katika ibada yetu ya nyumba kwa nyumba hapa Nkuhungu, Dodoma, kuna binti mmoja, fundi cherehani, aliyetokea upande wa Chemba. Siku moja mwezi wa kumi tulikusanyika kwangu, chini ya mwarobaini, na zamu ya kusoma ikamfikia. Alisoma vizuri tu. Alipomaliza, kijana mmoja wa nyuma akapiga kidoko kwa ulimi, kama anayeswaga punda. Mwenzake akamjibu kwa kidoko kingine, na benchi zima likacheka. Nami nilicheka. Si kwa sauti, lakini nilicheka, na yeye aliniona. Akafunga Biblia huku kidole gumba kikiwa bado ndani, pale pale alipoishia kusoma, akakaa hivyo mpaka sala ya kufunga.

Juma lililofuata alikuja mapema kunisaidia kupanga viti. Simu yake ikaita. Akatazama jina, akatoka, akazunguka hadi nyuma ya nyumba penye tangi la maji. Nilipokwenda kuchota maji nikamkuta anaongea na mama yake kwa sauti ya chini, kiganja kimeziba mdomo, na vile vidoko vinadondoka katikati ya maneno kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Aliponiona akakata simu. Nikamwuliza, wala sikuwa na nia mbaya, "Mwanangu, kumbe wewe ni Msandawe?"

"Hapana mama. Sisi ni Warangi."

Kirangi hakina vidoko, Kisandawe kinavyo. Yeye analijua hilo, na alijua kwamba nami ninalijua. Tulisimama pale, ndoo inajaa, hakuna aliyeongeza neno.

Usiku huo ndipo nilipolisoma somo hili upya. Mara ya kwanza kijakazi anamtambua Petro kwa kuwa aliwahi kumwona na Yesu, na mara ya pili ni vivyo hivyo. Mara ya tatu wananasa kinywa chake: "Hakika wewe nawe u mmoja wao, kwa sababu hata usemi wako wakutambulisha." Hapo ndipo Petro anapoanza kulaani na kuapa. Petro alikuwa Mgalilaya, na watu wa Uyahudi walikuwa na mazoea ya kuyacheka matamshi ya Wagalilaya. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasimulia habari za Mgalilaya mmoja aliyekuwa akiuliza nani ana "amar". Wakamwambia, wewe Mgalilaya mpumbavu, unataka punda wa kupanda, divai ya kunywa, sufu ya kuvaa, au mwana-kondoo wa kuchinja? Maneno hayo manne kwao yalikuwa yanakaribiana sana, na ulimi wa Galilaya haukuyatenganisha. Nadhani Petro alikuwa ameshakutana na vicheko vya namna hiyo kila alipopanda Yerusalemu kwa sikukuu. Simtetei. Alimkana Bwana, na alilia kwa majonzi kwa kuwa alijua alichokifanya. Ila kuna watu walioufanya usemi wake kuwa kosa, na Injili haikuwaficha.

Yule binti hakumkana Bwana. Alimkana mama aliyekuwa naye kwenye simu dakika moja nyuma, na waliomfundisha kumkana ni sisi, tukiwa na Biblia mapajani.

Tunaishi na Wasandawe mkoa mmoja na hatuwajui. Wako Kwa Mtoro, Farkwa, Sanzawa na vijiji jirani, katika wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Lugha yao si ya Kibantu. Hapa nchini ni Kisandawe na Kihadzabe tu zenye vidoko ndani ya maneno ya kila siku, na wataalamu hawajaacha kujadiliana kuhusu asili yake. Ile michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, watafiti wengi huihusisha na mababu wa watu hawa. Tunawapeleka wageni Kolo kupiga picha, kisha tunarudi kwenye ibada na kuwacheka wajukuu. Wao hukadiriwa kuwa makumi ya elfu tu. Sisi Wagogo tumepita milioni, na Biblia ya Cigogo tunayo. Nasema makadirio kwa sababu tangu sensa ya 1967 serikali haiulizi tena kabila la mtu. Naamini uamuzi ule ulitusaidia kuwa taifa moja, na ninaushukuru. Lakini karatasi ya sensa haiwezi kufika kwenye benchi la nyuma.

Nilipolileta jambo hili kikundini, mzee mmoja alisema, "Huo ni utani tu, mama." Mimi nimelelewa Mvumi, utani naujua. Mtani wako anakuja msibani kwako kukuchekesha, nawe utakwenda kwake, na akikutania una haki ya kumrudishia papo hapo. Binti yule angemrudishia nani, akiwa peke yake kati ya watu ishirini? Kama mmoja anacheka na mwingine anaziba mdomo nyuma ya tangi, tuutafutie jina lingine.

Mimi mwenyewe nilipaswa kulijua hili mapema. Niliwahi kuishi Dar es Salaam, na nikisema natoka Dodoma kuna watu waliokuwa wananyoosha kiganja kama ombaomba, wanacheka. Nililia mara nyingi kwenye chumba cha kupanga. Kumbe kuchekwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa na huruma. Wagileadi katika Waamuzi 12 walitukanwa kwanza, wakaitwa watoro wa Efraimu. Walipopata nguvu wakashika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka akaambiwa atamke "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi", kama Waefraimu walivyotamka, aliuawa palepale. Andiko linasema walianguka elfu arobaini na mbili.

Sasa fungueni Matendo 2:7. Siku ya Pentekoste Petro na wenzake wanatangaza matendo makuu ya Mungu kwa lugha za mataifa, na makutano wanasemaje? "Tazama, hawa wote wasemao si Wagalilaya?" Bado wanajulikana! Majuma saba tu yamepita tangu usiku wa ule ua. Roho Mtakatifu amewapa lugha mpya, na Ugalilaya wao hakuugusa. Kisha Petro, kwa kinywa kile kile kilichomponza, anasimama na kuhubiri mbele ya Yerusalemu nzima. Nimeokoka miaka mingi na sikuwahi kuliona neno hilo pale.

Nilimwendea binti huyo kibandani kwake, cherehani ikiwa imesimama, nikamwomba msamaha kwa kicheko changu. Hakuniambia kwamba si kitu. Alisema, "Niliumia, mama. Nilikuona." Kisha, baada ya kimya kirefu, akanisamehe, tukaomba pamoja.

Vijana wale nao wamezungumza naye. Mazungumzo yao nawaachia wenyewe.

Nilipokuwa naondoka nikamwuliza kama ana jina la nyumbani. Analo, alipewa na bibi yake, na lina kidoko katikati. Nikajaribu kulitamka, ulimi ukakwama. Nikajaribu tena, nikakosea tena. Hakucheka. Alisogeza kiti karibu, akafungua mdomo nione ulimi wake unapogusa, akalirudia polepole. Kila Alhamisi akija ibadani nalijaribu pale mlangoni. Bado sijalipata, naye bado ananirudishia.