Siku Niliyozima Gari Mbele ya Afande

Matatu za Nairobi, kondakta huvaa damu ya mzee na dereva huvaa bluu. Utaratibu huo uliletwa na sheria za waziri John Michuki mwaka 2004, pamoja na mikanda, vidhibiti mwendo na Nissan, zile matatu ndogo, kubeba abiria 14 tu. Mimi niliingia kazini mwaka huohuo kama kondakta, yaani makanga, njia namba 58, mjini hadi Buruburu, na jicho langu lilikuwa kwenye ile bluu tangu mwanzo.

Kufikia 2011 nilikuwa na miaka 35. Kila zamu yangu ya chama, kile cha kuchangiana pesa, ikinifikia, pesa za shule ya udereva ziligeuka godoro, au karo, au mabati ya mama kijijini. Karo sawa. Lakini godoro? Godoro lingengoja. Ukweli ni kwamba niliogopa steji, pale kituoni kwetu matatu zinapongojea abiria. Pale kwetu ukianguka testi asubuhi, mchana hata muuza mayai anajua, na makanga wenzangu ni watu wa kukubandika jina ukazikwa nalo. Kuna kijana alizimiwa na gari siku ya testi. Mpaka leo ni Zima, hata mkewe humwita Zima.

Dereva wangu alikuwa mzee tuliyemwita Guka. Siku moja nilimfokea kwa kuchelewa kubadilisha gia, akanijibu bila kugeuka: “Siste, kila siku unanifunza gia. Wewe ulifunzwa na nani?” Abiria wakaangua kicheko. Jioni ile nilijiandikisha. Ushujaa haukuwepo, ilikuwa hasira tu.

Siku ya testi tulipanga foleni Industrial Area, mimi na vijana waliotoka kidato cha nne juzi. Tulianza na bodi, ile meza iliyochorwa mji mzima: barabara, mizunguko, reli, vivuko. Afande akanipa kigari chekundu kisicho na gurudumu la nyuma. “Mama, nitoe hospitali unipeleke stesheni ya polisi.” Mkono ulitetemeka hadi kigari kikawa kinagonga meza chenyewe.

Nikaamua ile ni Jogoo Road, njia yetu ya kila siku. Mzunguko ule ni wa City Stadium, wanaotoka kulia wapite kwanza. Washa indiketa, shika leni ya kushoto, songa. Nikasahau kabisa niko mbele ya nani, na nilipokaribia stesheni nikapiga meza kofi mbili, pa pa, kama ninavyopiga bodi ya gari abiria akitaka kushuka.

Afande akainua macho. “Wewe ni makanga?”

“Ndiyo, afande.”

“Ya wapi?”

“Hamsini na nane.”

“Kumbe ndio nyinyi!” Akaniongezea maswali ya alama za barabarani ambayo wenzangu hawakuulizwa, mengine naapa aliyatunga palepale. Nikajibu yote.

Barabarani ndipo lililoniogopesha miaka yote likatokea. Kwenye makutano niliachia klachi haraka, gari likaruka na kuzima. Lori nyuma likapiga honi. Niliwaza Zima, niliwaza steji, muuza mayai. Kisha mikono ikajifanyia kazi: breki ya mkono, gia huru, ufunguo, kioo, indiketa. Tukaondoka. Afande aliandika kitu, sikuthubutu kuchungulia. Tulipoegesha akasema, “Umepita. Klachi uiheshimu.”

Leseni ile ilikuwa ya gari dogo. Ya kubeba abiria ilibidi kuingojea, na niliingojea. Steji nilifika nikajisema mwenyewe kwamba nilizima, kabla hawajaokota kwingine. Guka akauliza, “Lakini uliwasha?” Nikamwambia niliwasha. Gari lilikuwa tupu, akashuka na kunirushia ufunguo nilirudishe kwenye foleni. Makanga wote wakaacha kuita abiria, wakaja kutazama.

Nikalizima tena. Wakacheka, wengine wakaketi chini kabisa. Nami nikacheka, nikawasha, nikalirudisha.